Mhudumu wa Siku Moja

Miaka ile ya mwisho wa tisini nilikuwa naishi Greyville, kwenye fleti ambayo dirisha lake la jikoni lilitazama uwanja wa mbio za farasi, na nilikuwa na kazi ambayo wenzangu waliionea wivu. Watanzania wengi niliowafahamu Durban walikuwa wanauza mikanda na miwani ya jua kando ya barabara, au wananyoa watu nywele chini ya mwavuli. Mimi nilivaa sare. Kwetu Morogoro nilikuwa muuguzi msaidizi, na cheti changu hakikuwa na maana kwa mtu yeyote Afrika Kusini, mpaka mwanamke mmoja alipokishika, akakigeuza nyuma na mbele, kisha akanitazama mimi.

"Unajua kumwosha mgonjwa ambaye hawezi kuinuka?"

"Najua, Sista."

"Basi njoo Jumatatu."

Kila mtu alimwita Sista. Alikuwa nesi mstaafu, Mzulu mwenye mwili wa kutosha na sauti ya kwaya, na aliendesha shirika dogo ambalo ofisi yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya kanisa, karibu na barabara ya Umbilo. Serikali ililipa shirika hilo kwa ajili ya kuwahudumia majumbani wazee na wagonjwa ambao hospitali ilikuwa imewaruhusu kutoka lakini hawakuwa na mtu wa kuwatunza. Kwa kila mzee aliyehudumiwa, serikali ilitoa kiasi fulani. Hilo nililijua kama mtu anavyojua kwamba duka lina mwenye mali, wala sikulifikiria zaidi.

Mimi nilipewa mzee wa Umbilo, mstaafu wa reli aliyepoteza mguu kwa sukari. Nilimwosha, nikamfunga kidonda, nikampikia uji, nikamsikiliza akilalamikia serikali zote mbili, ile ya zamani na ile mpya. Niliipenda kazi ile. Aliyenipeleka na kunirudisha ni dereva wa shirika, Mrundi mrefu aliyekuwa akipanga na mke wake chumba cha pili kwenye fleti yetu. Tulitumia jiko moja. Alikuwa mwalimu kwao, na Kifaransa cha darasani kilimtoka bado katikati ya maneno, na hapa alikuwa na karatasi ya ukimbizi ambayo ilibidi akaigongeshe mhuri mara kwa mara, na kila alipokwenda kuigongesha mke wake hakula mpaka amwone amerudi.

Asubuhi moja nilifika ofisini nikamkuta Sista amesimama mlangoni ananisubiri, ameshika aproni mpya yenye mikunjo ya dukani.

"Leo huendi kwa mzee wako," akasema. "Utakwenda Cato Manor. Kuna gogo mmoja kule. Mkaguzi wa ustawi wa jamii anakuja kutembelea, akiuliza, wewe ndiye unayemhudumia."

Gogo ni bibi kwa Kizulu. Nilipofika Durban neno hilo lilinichekesha, maana kwetu Mgogo ni mtu wa Dodoma.

"Na anayemhudumia siku zote yuko wapi, Sista?"

"Anaumwa." Akanifunga aproni mwenyewe, kwa nyuma, kama mama anayemwandaa mtoto kwenda shule. "Sema kidogo. Ukisema sana wataanza kuuliza mambo ya karatasi zako."

Kwenye gari sikutulia. Tulisimama kwenye taa za barabarani, kule huitwa robot, zikageuka kijani, na yule Mrundi hakuondoa gari mpaka wa nyuma wakampigia honi.

"Shemeji," nikamwambia, kwa kuwa mke wake nilimchukua kama dada yangu, "nani huwa anakwenda kwa huyu gogo?"

"Mimi naendesha tu, dada."

"Ndiyo, lakini ni wewe unayewapeleka wote."

Akabadili gia. Tulipoanza kupanda vilima vya Cato Manor aliteremsha kioo, akapunguza mwendo, akamwita mwanamke aliyekuwa akichoma miguu ya kuku kando ya njia, akamwuliza nyumba ilipo. Yule mama akatuelekeza kwa uma. Dereva wa shirika alikuwa haijui njia ya nyumba ambayo shirika lilisema tunakwenda kila siku.

Ilikuwa moja ya zile nyumba mpya ndogo za serikali, vyumba viwili vya matofali kwenye mteremko, udongo mwekundu bado haujaota majani. Jirani alikuwa na ufunguo. Alitufungulia na kurudi nyuma, mkono puani. Gogo alikuwa amelala chali, upande wa kushoto kiharusi kilikuwa kimeuacha bila nguvu, na mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi wodini angejua kwa harufu tu kwamba hakugeuzwa kwa muda mrefu. Nilichemsha maji. Nilimvua, nikamwosha, nikamgeuza polepole, na pale juu ya matako, penye mfupa, nikaona kidonda cha kulala. Kilikuwa kimeingia ndani. Kidonda cha namna ile hakiji kwa siku ambayo mhudumu anaumwa. Kinakuja pale ambapo hakuna mhudumu kabisa.

Gogo hakulia. Alinishika kifundo cha mkono kwa mkono wake mzima na hakuniachia hata nilipohitaji mkono huo. Nikamwosha kwa mkono mmoja.

Mkaguzi alikuja na Sista, kwenye gari la serikali. Alikuwa Mzungu wa makamo, mpole, akavua kofia mlangoni. Chumba kilikuwa kinanukia sabuni, shuka zilikuwa safi, gogo amefunikwa mpaka kidevuni, nami nimesimama na aproni yangu mpya. Mkaguzi alitazama vile vyote na uso wake ukafurahi. Hakujua Kizulu, kwa hiyo alimwomba Sista amwulize gogo kama mama huyu anakuja kila siku.

Sista aliuliza. Gogo alifikiri kidogo. Ulimi wake ulikuwa mzito kwa ugonjwa, lakini maneno yalitoka moja moja, wazi kabisa.

"Ufikile namhlanje."

"Anasema anakuja kila siku," Sista akamgeukia mkaguzi kwa Kiingereza, "na anamshukuru Mungu."

Kizulu changu kilikuwa cha kwenye teksi, zile daladala za kule, na sokoni. Lakini namhlanje ni leo, kila abiria analijua neno hilo, na kufika ni kufika, kwao na kwetu. Bibi alikuwa amesema: amefika leo.

Nilijisikia kama niliyesimama kwenye siafu. Nikamwambia mkaguzi kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, "Bwana, ana kidonda mgongoni. Kibaya. Anahitaji hospitali."

"Tumeshalishughulikia," Sista akasema haraka, akitabasamu, na mkono wake ukaja ukatua begani mwangu. Mkaguzi akanishukuru kwa moyo wangu wa huruma. Akavaa kofia, wakaondoka.

Siku zilizofuata nilikuwa mtu wa kuanza jambo na kuliacha. Nilikuwa naweka sufuria jikoni, nasahau kuwasha moto. Nikitoka kazini sikuweza kukaa ndani, nilizunguka ua wa uwanja wa farasi, nikifika nilikoanzia nazunguka tena. Nilijiuliza ni wazee wangapi wengine wanahudumiwa na mtu ambaye hayupo. Kisha najiambia, wewe ni mgeni, una kibali ambacho siku zake zinahesabika kwa vidole, nyamaza. Kisha nakumbuka ule mkono ulionishika.

Jioni moja nilimkabili Mrundi jikoni. Mke wake alikuwa anachambua maharage.

"Ulikuwa unajua," nikasema.

Alifunga bomba la maji. "Nilijua kwamba mafuta ninayopewa ni ya nyumba chache. Na Sista anasema nyumba ziko nyingi. Mimi si mtoto, dada. Lakini hapa iko watu wanafukuza makwerekwere kama sisi kwenye treni, wanawarusha nje. Mimi niende kusema nini, na nimwambie nani? Mais non. Ukiwasha moto pale, sisi wote tunalala nje."

"Na yule bibi?"

"Yule bibi ana nchi yake," mke wake akasema bila kuinua macho. "Sisi tuna hiki chumba."

Mpaka leo naona neno lake lilikuwa na uzito.

Jumamosi nilipanda teksi peke yangu kwenda Cato Manor na bandeji nilizonunua. Nilimkuta binti wa gogo, mwanamke wa rika langu, anafanya kazi za ndani kwa familia moja kule Umbilo na kulala hukohuko, anarudi kwake mwisho wa wiki tu. Siku za katikati jirani alimletea mama yake chakula alipopata nafasi. Alinitazama mlangoni kama anavyotazamwa mtu anayekuja kudai.

"Wewe ni nani?"

"Ndimi niliyemwosha mama siku ile wageni walipokuja."

"Kumbe ni wewe. Alinisimulia. Nilidhani homa inamsemesha." Akanipisha nikaingia. Nilimwonyesha kidonda, nikamwonyesha namna ya kukisafisha, namna ya kumlaza na mto katikati ya magoti. Alikuwa anajifunza haraka, midomo ameikaza. Tulipomaliza akauliza, "Kwa hiyo sasa zamu yetu imefika? Tangu mama atoke hospitali tunaambiwa tusubiri. Yule nesi alikuja hapa akamwekesha mama dole gumba, akasema jina limeingia, nafasi ikipatikana atatuletea mtu."

Nilikaa juu ya ndoo. Nilimweleza. Kwamba kwenye vitabu vya serikali nafasi ya mama yake ilipatikana zamani. Kwamba mtu wake yupo, na siku ya ukaguzi mtu huyo nilikuwa mimi.

Alitoka nje, akasimama kwenye udongo ule mwekundu akinipa mgongo, kisha akarudi. "Kesho ni Jumapili," akasema. "Jumatatu nitamwomba madamu ruhusa. Utakuja nami?"

Nilisema nitakuja kabla hofu haijapata nafasi ya kusema lolote.

Ofisi ya ustawi ilikuwa mjini, ghorofani. Mlinzi aliposikia lafudhi yangu alinielekeza kwenye idara ya uhamiaji. Binti wa gogo alimkatisha: "Huyu yuko na mimi." Tulipelekwa dirisha moja, tukaambiwa si hapa, tukapelekwa jingine, tukaambiwa anayehusika yuko kwenye mkutano. Nilikunja na kukunjua kilemba changu mpaka kikalegea. Mara mbili nilisimama nikitaka kwenda zangu. Mara zote mbili mwenzangu alinitazama tu.

Hatimaye tulipokelewa na mwanamke wa Kihindi, mtu mzima, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo. Alifunga mlango. Nilipoanza kusema kwamba Sista ni mwizi, alininyamazisha kwa mkono.

"Mama, usiniambie yeye ni nani. Niambie wewe uliona nini."

"Kuna wazee wengi ambao..."

"Uliwaona?"

"La. Niliambiwa."

"Basi weka kando. Sema ulichokiona kwa macho yako na ulichokisikia kwa masikio yako. Hayo mengine ni kazi yetu kuyatafuta."

Nikasema. Aproni mpya. Dereva aliyeuliza njia. Kidonda, kina chake na rangi yake. Maneno ya gogo, na maneno ya Sista. Binti akasimulia habari ya dole gumba na kuambiwa wasubiri. Yule mama alituuliza tena na tena, kwa mpangilio mwingine, aone kama tutajikanganya. Mwisho alituambia tusimwambie mtu yeyote ofisini kwangu, tusijaribu kutafuta ushahidi wenyewe, tusichukue karatasi yoyote isiyo yetu. Kuhusu kibali changu aliniuliza swali moja tu: kama bado kilikuwa hai. Kilikuwa hai. "Basi nenda kazini kama kawaida," akasema.

Kawaida ndiyo ilikuwa ngumu. Wiki zilipita na hakuna aliyekuja. Asubuhi Sista alinisalimu kwa furaha, akaniuliza hali ya mzee wa reli, siku moja akanipa keki ya harusi ya mpwa wake nimpelekee yule mzee. Nilianza kudhani labda yule mama wa miwani ni rafiki yake, labda maneno yetu yaliishia kwenye droo. Kitu pekee kilichosogea ni gogo: gari la wagonjwa lilikuja kumchukua, akalazwa, na kwa hilo nilijua kwamba mtu fulani mahali fulani alikuwa ametusikia.

Kisha watu wa ustawi walikuja. Hawakuanza na Sista. Walimwita dereva.

Alirudi jioni, akakaa jikoni na koti lake, na nilijua amejua nani aliyekwenda ustawi. Mke wake aliingia chumbani akafunga mlango.

"Walinipa ufunguo wa gari langu mwenyewe," akasema. "Wakakaa nyuma. Wakaniambia, tupeleke kwa wazee wote, mmoja baada ya mwingine. Nikawapeleka Umbilo kwa mzee wako. Nikawapeleka kwa yule mama wa Glenwood. Wawili watatu wengine. Kisha nikasimamisha gari, nikazima injini. Wakauliza, na wengine? Nikasema, wengine mimi siwajui. Njia yangu inaishia hapa."

"Ungeweza kuwazungusha."

"Ningeweza." Alisugua uso. "Nilikuwa mwalimu, dada. Nimechoka kuulizwa swali na kujibu uongo. Lakini usifikiri nimekusamehe. Ulikwenda bila kuniambia. Tunakula sufuria moja, quoi."

Sista alikuja Jumapili moja asubuhi, baada ya ibada, bado amevaa sare ya umoja wa akina mama wa kanisa. Sikumkaribisha ndani, wala hakuomba. Tulisimama kwenye baraza ya ghorofa, nguo za majirani zikitupiga usoni kwa upepo.

"Nilikupa kazi wakati hakuna aliyetaka hata kusikia unavyoongea," akasema.

"Ni kweli, Sista. Sijasahau."

"Unajua serikali ilikuwa inachelewesha malipo? Unajua mwanzoni niliwalipa ninyi mshahara kwa pensheni yangu? Nikaongeza majina kidogo ili tusife. Kidogo tu. Na kweli tulikuwa tunawatunza watu."

"Na gogo?"

Macho yake yalikwenda kwenye uwanja wa farasi. "Nilikuwa nitampelekea mtu," akasema. "Kila mwezi nilisema mwezi ujao." Nilingoja aniambie kuhusu nyumba yake aliyokuwa akiiongezea vyumba, ambayo watu wote tuliijua. Hakuitaja. Alishuka ngazi kwa kujishikilia ukutani, na mimi, sijui kwa nini, nilitaka kumkimbilia nimshike mkono asije akaanguka.

Shirika lilifungwa. Sista alifikishwa mahakamani na kesi ikawa ya kuahirishwa na kuahirishwa, na baadaye nikasikia kwamba nyumba ile iliuzwa ili alipe. Sisi wahudumu tulipoteza kazi, na wale wazee wachache waliokuwa wakihudumiwa kweli walikaa bila mtu mpaka shirika lingine lilipochukua nafasi. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Niliendelea kwenda kwa mzee wa reli kwa nauli yangu, baada ya kuuza nguo za mitumba sokoni, hadi mpwa wake alipomchukua kwenda naye Pietermaritzburg. Siku ya kuondoka aliniambia kwamba mimi na serikali zote mbili tumemsumbua, kisha akanibusu mkono.

Gogo alirudi nyumbani. Kidonda kilichukua miezi kufunga, lakini kilifunga. Shirika jipya lilimpelekea msichana wa hapohapo Cato Manor, anayekuja kweli. Binti yake aliniambia msichana huyo anachelewa na anapenda redio, na mama anagombana naye kila asubuhi.

Mrundi alipata kazi ya kulinda magari nje ya uwanja wa farasi siku za mbio, amevaa kizibao cha rangi ya machungwa. Waliendelea kukaa kwenye fleti. Mke wake alikaa muda mrefu akipika wakati ambao sipo. Jumamosi moja nilipita pale na mzigo wangu wa nguo, farasi wakikimbia, watu wakipiga kelele ndani, na yeye akanisimamisha.

"Nataka nikuulize. Kama ungejua kwamba kazi itaisha, kwa wewe na kwa mimi, ungekwenda bado?"

"Nilijua," nikamwambia. "Wewe mwenyewe uliniambia, jikoni."

Alitaka kusema kitu. Nyuma yake gari lilianza kurudi kinyumenyume, akageuka, akakimbia kulielekeza, mikono juu.